Simu Inapozeeka: Kutengeneza au Kununua Nyingine

Simu ya mkononi haizeeki yote kwa pamoja. Betri huanza kuchoka mwaka wa pili, tundu la chaji hulegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku, hifadhi hujaa picha na video, kioo hupasuka siku simu inapodondoka, na mfumo wa uendeshaji huachwa na kiwanda kwa ratiba iliyopangwa mapema kabisa. Wakati huohuo spika, kamera, antena na bodi ya ndani vinaweza kuwa vizima. Kwa hiyo anayetaka kujua kama simu yake imefika mwisho hana budi kwanza kujua ni kitu gani ndani yake kilichochoka, maana baadhi ya vitu hivyo hubadilishwa kwa nusu saa mezani kwa fundi, na vingine havina dawa. Umri wa simu peke yake hausemi mengi, na mikwaruzo ya mgongoni haisemi lolote.

Afrika Mashariki uamuzi huu una uzito wa pekee. Tangu Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, na Vodacom kuileta Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa mahali pa kuwekea pesa. Mama lishe anayekaa siku tatu bila simu hakosi maongezi tu: hapokei malipo ya wateja, hanunui umeme wa LUKU, hatumi ada ya shule kijijini. Na simu janja, hata ya bei ya chini, ni pesa ambayo kaya nyingi huikusanya kwa miezi. Anayenunua mapema amepoteza fedha. Anayechelewa mno huweza kupoteza picha, namba za watu na biashara kwa siku moja.

Betri

Karibu kila simu ya leo hutumia betri ya lithiamu-ayoni, aina ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, na iliyowapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani yake chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja kwenda wa pili wakati wa kuchaji, na kurudi wakati wa matumizi. Katika kila safari kiasi kidogo hunasa kwenye utando unaojijenga juu ya upande wa grafiti, na lithiamu iliyonasa hairudi tena kazini. Ndiyo maana uwezo wa betri hupungua hata kwa mtu mwangalifu. Hesabu yake hufanywa kwa mizunguko, na mzunguko mmoja ni asilimia 100 ya chaji iliyotumika, iwe ni kwa siku moja au kwa siku mbili za asilimia 50 kila moja. Apple inaeleza kuwa betri za iPhone 14 na zilizoitangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000. Anayemaliza chaji nzima kila siku hufikisha mizunguko 500 kabla ya mwaka na nusu kwisha.

Joto huongeza kasi ya uchakavu huo. Apple hutahadharisha kuwa mazingira yenye joto la zaidi ya nyuzi 35 za Selsiasi huweza kupunguza uwezo wa betri moja kwa moja, bila kurudi. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, kivulini tu, hali ya hewa huwa karibu na kiwango hicho. Juani hukipita mbali. Simu ya dereva wa bodaboda iliyofungwa kwenye usukani, skrini ikiwa imewashwa kwa ajili ya ramani na waya wa chaji ukiwa umechomekwa, hupata joto la jua, la skrini na la kuchaji kwa mpigo. Betri yake isipofika mwaka wa pili si ajabu, na si dalili kwamba simu ni mbovu. Hali ni hiyohiyo kwa simu inayochajiwa chini ya mto usiku kucha.

Dalili ya kwanza ya betri kuchoka inajulikana na wote: simu iliyokuwa ikifika usiku sasa inaomba chaji saa nane mchana. Dalili ya pili huwachanganya wengi. Simu huzima ikiwa na asilimia 25 au 30, hasa mtu anapofungua kamera au kupiga simu mahali penye mtandao hafifu. Ikichomekwa kwenye chaja huwaka na kuonyesha asilimia zilezile. Hapo huanza kusemwa kwamba bodi imekufa. Mara nyingi sivyo. Betri kongwe huwa na ukinzani mkubwa ndani yake, kwa hiyo simu inapovuta umeme mwingi ghafla volti hushuka chini ya kiwango kinachohitajiwa na saketi, na simu hujizima. Betri mpya huliondoa tatizo lote.

Kisa cha Apple kinaonyesha jinsi betri inavyoweza kumfanya mtu anunue simu asiyoihitaji. Ili kuzuia kuzima huko kwa ghafla, mwaka 2017 kampuni ilitoa sasisho lililopunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, bila kuwaeleza wenye simu ipasavyo. Watumiaji waliona simu zao zimekuwa nzito na wakadhani umri wake umekwisha. Desemba mwaka huo kampuni ilikiri, kisha ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Tarehe 2 Januari 2019 mkurugenzi wake mkuu, Tim Cook, aliwaandikia wawekezaji kuwa mauzo ya iPhone yalikuwa chini ya matarajio, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni wateja walioitumia nafasi hiyo ya betri za bei nafuu. Waliobadilisha betri hawakuona haja ya kununua simu nyingine.

Kuna hali moja ya betri isiyoruhusu kusubiri hata siku moja, nayo ni kuvimba. Kimiminika cha ndani kinapoharibika hutoa gesi, na gesi hiyo hunaswa ndani ya mfuko wa betri. Mwenye simu huona kwanza mwanya mwembamba kati ya kioo na fremu, au mfuniko wa nyuma ukianza kuachia gundi upande mmoja. Kava iliyokuwa ikiingia vizuri haifungi tena. Simu ikilazwa chali juu ya meza bapa na kusukumwa kwa kidole, huzunguka badala ya kutulia. Simu ya namna hiyo haichajiwi tena, haibanwi kwa nguvu ili irudi ilivyokuwa, wala betri haitobolewi ili kutoa hewa, jambo ambalo watu hulifanya na ambalo huweza kuwasha moto papo hapo. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kuziondoa sokoni duniani kote simu za Galaxy Note 7 kwa sababu kasoro ya betri ilizifanya ziwake moto. Hata hivyo betri iliyovimba haimaanishi simu imekwisha. Ikitolewa mapema na fundi mwenye vifaa, kabla haijaisukuma skrini na kuivunja, simu huendelea na betri nyingine kwa miaka.

Kizazi cha Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, hakikuwa na mjadala huu. Betri yake, BL-5C, ilitolewa kwa ukucha na kununuliwa popote, hata leo hukutwa ndani ya redio ndogo za sokoni. Betri za sasa zimegandishwa kwa gundi ndani ya simu zilizofunikwa kwa kioo, na hapo ndipo ubora wa fundi unapokuwa na maana. Betri bandia huandikwa uwezo mkubwa usiokuwamo na huchoka kwa miezi michache. Aliyebadilishiwa ya namna hiyo huhitimisha kimakosa kuwa simu yenyewe ndiyo iliyokufa. Kabla ya kulipa ni haki ya mteja kuiona betri, kusoma namba ya modeli yake na kupewa muda wa kuijaribu.

Tundu la chaji nalo liangaliwe kabla betri haijalaumiwa. Vumbi na nyuzi za mfukoni hushindiliwa na pini ya chaja siku baada ya siku hadi zikageuka kibonge kigumu cha kijivu ndani ya tundu. Waya hauingii hadi mwisho, na simu huchaji tu ikishikiliwa kwa pembe fulani. Kijiti cha meno cha mbao, simu ikiwa imezimwa, hukitoa kibonge hicho bila gharama. Ikiwa tundu lenyewe limelegea, katika simu nyingi za Android limejengwa juu ya bodi ndogo inayobadilishwa peke yake, ambayo mafundi wengi huiita sistimu chaji, na bei yake ni ndogo.

Simu nzito

Baada ya betri, lalamiko linalowapeleka watu wengi dukani ni uzito: simu inaganda, kibodi inachelewa, programu zinajifunga. Sababu ya kawaida kabisa ni hifadhi iliyojaa. Kumbukumbu ya flashi haiwezi kuandika juu ya kilichopo. Ni lazima ifute eneo zima kwanza, na ili ifanye hivyo huhitaji nafasi tupu ya kuhamishia vitu. Ikibanwa hadi megabaiti za mwisho, kila kuandika huwa ni kuhamahama. Na mwenye kuijaza mara nyingi si mwenye simu. Ni vikundi vya WhatsApp, vya harusi, vya ukoo, vya kwaya, vya wazazi wa shule, ambavyo hushusha video ileile mara tano kwenye simu yenye gigabaiti 32. Kuzima upakuaji wa moja kwa moja na kufuta video hizo huirudishia simu sehemu kubwa ya wepesi wake.

Kipimo cha haki ni kuirudisha simu katika hali ya kiwandani. Picha, namba na mazungumzo huhifadhiwa kwanza, simu hufutwa yote, kisha hutumiwa siku mbili au tatu ikiwa na programu za lazima tu. Ikiwa nyepesi, ilikuwa imeelemewa, na suala la kununua limekwisha. Ikibaki nzito hata hapo, basi ama hifadhi yenyewe imechakaa, kwa kuwa flashi nayo ina idadi ya mara inazoweza kuandikwa, ama RAM haitoshi kwa programu za leo. Simu yenye RAM ya gigabaiti 1 ilitosha zamani. Google ililazimika kutangaza Android Go mwaka 2017 kwa ajili ya simu za kiwango hicho hasa. Leo hata toleo hilo huhangaika, na hakuna fundi wa kuongeza RAM, kwa sababu imeunganishwa kwenye bodi.

Kioo, maji na bodi

Kioo kilichopasuka kinaudhi lakini si lazima kiwe tatizo. Yafaa kutofautisha tabaka tatu: protekta, ambayo ni ya kutupwa, kioo cha nje, na skrini yenyewe inayotoa picha. Katika simu nyingi hizo mbili za mwisho zimegandishwa pamoja na hubadilishwa kwa pamoja, na ndiyo sababu kipuri hiki huwa cha bei ya juu kuliko vyote isipokuwa bodi. Kwa simu zenye skrini ya aina ya AMOLED gharama yake huweza kukaribia bei ya simu nyingine nzima. Ufa usiogusa picha wala mguso unaweza kuachwa hivyo kwa mwaka, ilimradi umefunikwa na protekta ili vidole visikatwe na maji yasipenye. Skrini inayojibonyeza yenyewe ni habari nyingine. Mtu anayeingiza kiasi cha pesa huku tarakimu zikijiongeza bila kuguswa yumo hatarini kutuma alichokuwa hajakikusudia, kwa namba asiyoijua. Skrini ya namna hiyo isitumike kwa miamala hata siku moja, iwe itatengenezwa au la.

Maji huua polepole. Simu iliyozama na kuwaka tena baada ya siku mbili inaweza kufa baada ya miezi mitatu, kwa kuwa kutu huendelea kutafuna viungio vya bodi. Maji ya bahari, yenye chumvi, ndiyo mabaya zaidi, kama wanavyojua wavuvi na wahudumu wa boti za Zanzibar. Desturi ya kuifukia simu kwenye mchele haisaidii. Mwaka 2024 Apple iliwashauri wateja wake wasifanye hivyo, kwa kuwa punje na unga wake huweza kuingia ndani na kuharibu. Lililo sahihi ni kuizima mara moja, kutoichaji, na kuipeleka ikafunguliwe na kusafishwa siku hiyohiyo. Simu iliyowahi kuzama inahesabiwa kuwa na uhai usiotabirika. Mwenye nayo ana sababu nzuri ya kuhifadhi kila kitu kwingine mara moja na kutoiwekea kipuri cha bei kubwa.

Kuhusu bodi, uamuzi hautegemei kukisia. Fundi mzuri, awe Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo au Luthuli Avenue mjini Nairobi, ana kifaa cha kutoa umeme chenye mshale au tarakimu za kuonyesha kiasi cha umeme kinachovutwa. Huitoa betri, huunganisha waya mbili za kifaa hicho mahali pa betri, huweka volti 4 hivi, na kutazama kabla ya kubonyeza chochote. Bodi nzima hukaa kwenye sifuri. Ikiwa mshale umepanda kabla ya kitufe kuguswa, kuna shoti mahali fulani, na huenda ni kijenzi kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi kinachoweza kung'olewa kwa bloa ya hewa ya moto. Mshale ukipanda kidogo baada ya kubonyeza kisha ukasimama palepale, kasoro huenda ipo kwenye prosesa au kumbukumbu. Kazi hiyo ni ghali, na simu hurudi mezani mara kwa mara. Mteja anayeomba kuonyeshwa mshale huo anapata taarifa ya kweli kuliko jibu la mkato kwamba simu haifai tena.

Mwisho usio na kipuri

Ukiacha RAM, yote yaliyotajwa yana fundi. Lingine lisilo na fundi ni kwisha kwa masasisho. Mara kwa mara Google hutangaza marekebisho ya usalama ya Android, yanayoziba mianya iliyogunduliwa. Lakini ili yafike kwenye simu fulani, kiwanda kilichoitengeneza lazima kiyaandae na kuyatuma. Kwa miaka mingi simu za bei ya chini, ambazo ndizo nyingi katika maduka yetu, zilipata miaka miwili hivi ya huduma hiyo au pungufu. Hali imeanza kubadilika. Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikaahidi hiyohiyo kwa Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024 na miaka 6 kwa Galaxy A16 ya bei nafuu zaidi mwishoni mwa mwaka huo. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, unadai simu mpya zinazoingizwa sokoni kwake zipate masasisho kwa angalau miaka 5 tangu modeli inapoacha kuuzwa, na vipuri viendelee kupatikana kwa miaka 7. Sheria hiyo haitufungi huku, lakini modeli nyingi ni zilezile.

Tarehe ya sasisho la mwisho la usalama husomwa kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu. Ikiwa imepita mwaka mmoja au miwili, simu haijawa bomu. Google Play huendelea kusasisha programu zenyewe, kivinjari na huduma nyingi za ndani hata pale mfumo ulipoachwa, na sehemu kubwa ya wizi wa pesa za simu katika nchi zetu hufanywa kwa kumlaghai mtu ataje namba ya siri, hila ambayo simu mpya haiizuii. Hatari hukua kwa yule anayepakua programu nje ya duka rasmi au kufungua kila kiungo anachotumiwa, na kwa yule mwenye programu ya benki yenye fedha nyingi. Huyo wa mwisho asikae na simu iliyoachwa kwa zaidi ya mwaka.

Baada ya masasisho ya usalama, programu zenyewe huanza kuaga. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kuhudumia matoleo ya Android yaliyo chini ya 5.0, na mwaka 2025 Chrome ikaacha kupokea matoleo mapya kwenye Android 8 na 9. Mwaka ambao WhatsApp inaikataa simu ndio, kwa watu wengi, mwaka wa kununua, na ndivyo inavyopaswa kuwa: hakuna njia halali ya kulizunguka jambo hilo.

Lakini simu iliyokataliwa na programu bado ina kazi. Huduma za pesa zinazofunguliwa kwa kupiga *150*00# au *150*60# hazitumii intaneti wala programu. Menyu husafiri kwenye njia za mtandao wa kawaida wa simu, na ndiyo maana kitochi hutuma pesa sawasawa na simu ya milioni. Akaunti na namba ya siri hutunzwa na kampuni ya simu, hazikai ndani ya chombo. Wapo wafanyabiashara wanaoweka laini ya biashara kwenye kiswaswadu kisicho na programu yoyote, na simu janja wakaitumia kwa mengine. Mpangilio huo ni salama kuliko kuweka vyote kwenye simu moja iliyozeeka, na huahirisha ununuzi kwa muda mrefu.

Hesabu

Kanuni inayosikika mara nyingi ni kwamba simu isitengenezwe ikiwa gharama inazidi nusu ya bei ya nyingine. Kanuni hiyo inasahau jambo kuu: muda ambao simu itaishi baada ya kutengenezwa. Ni bora kugawanya gharama kwa miezi. Tuchukue mfano wa simu mpya ya shilingi 400,000 za Tanzania inayotarajiwa kudumu miaka minne. Kila mwezi ni kama shilingi 8,300. Betri ya shilingi 40,000 itakayoipa simu ya zamani mwaka na nusu ni kama shilingi 2,200 kwa mwezi. Hapo kutengeneza ni faida tupu. Skrini ya shilingi 150,000 kwenye simu ambayo WhatsApp itaikataa baada ya miezi sita ni shilingi 25,000 kwa mwezi, mara tatu ya gharama ya mpya, ijapokuwa ni pungufu ya nusu ya bei yake. Kwa hesabu hii betri na tundu la chaji karibu kila mara hustahili, skrini hutegemea miaka ya masasisho iliyobaki, na bodi hustahili mara chache, isipokuwa simu ni ya thamani au ndani yake mna kitu ambacho hakikuhifadhiwa kwingine.

Kasoro mbili zinapokutana, hesabu hubadilika haraka. Betri dhaifu kwenye simu inayopokea masasisho ni jambo la jioni moja. Betri dhaifu, skrini inayojibonyeza na Android iliyoachwa miaka mitatu iliyopita, zote kwenye simu moja, ni jibu tosha.

Fedha ya kununulia nayo iingie kwenye hesabu. Mipango ya mkopo, kama Lipa Mdogo Mdogo ambayo Safaricom iliianzisha mwaka 2020 kwa malipo ya shilingi 20 za Kenya kwa siku, imewafikisha watu wengi kwenye simu janja ya kwanza. Jumla inayolipwa mwishoni, hata hivyo, huwa kubwa kuliko bei ya taslimu, na simu za mikopo ya aina hii hufungwa malipo yakichelewa. Kwa mtu ambaye biashara yake imo ndani ya simu, hilo ni pigo mara mbili. Simu ya mtumba kutoka Dubai au Ulaya inaweza kuwa njia nzuri zaidi, ikikaguliwa: IMEI ya tarakimu 15, inayoonekana kwa kupiga *#06#, ilingane na iliyo kwenye boksi, na mwaka wa mwisho wa masasisho uulizwe kama unavyoulizwa mwaka wa gari. Suala la simu bandia lina historia hapa. Kenya ilizizima mtandaoni mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya vivyo hivyo Juni 2016, baada ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kuwataka wananchi wahakiki IMEI zao kwa kutuma ujumbe kwenda 15090. 

Kuiaga simu ya zamani

Uamuzi wa kubadilisha ukishafikiwa, unatekelezwa simu ya zamani ikiwa bado inawaka. Namba huhamishiwa kwenye akaunti ya Google, mazungumzo ya WhatsApp hupigiwa nakala, picha hupelekwa kwenye simu mpya au kompyuta, na hufunguliwa kuhakikisha kwamba kweli zimefika. Kisha akaunti ya Google huondolewa kwanza, ndipo simu hufutwa. Mpangilio huo una sababu: tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa bila akaunti kuondolewa huweza kumdai anayeiwasha nywila ya mmiliki wa awali, na mdogo wake mtu au mnunuzi hubaki na chombo kisichofunguka. Laini na kadi ya memori hutolewa mwisho.

Simu nzima hupewa mwanafunzi au mzazi kijijini. Iliyokufa ina thamani kwa fundi, anayeweza kuvuna skrini, kamera au spika yake. Isiyofaa hata kwa vipuri haistahili kuishia jalalani. Kobalti ya betri yake kwa uwezekano mkubwa ilichimbwa Kongo, kunakotoka sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, katika machimbo ya Kolwezi na maeneo jirani, na tantalamu iliyomo kwenye vijenzi vyake vidogo huenda ilitoka kwenye koltani ya Kivu. Ni madini yaliyotolewa ardhini kwa jasho la watu, wengi wao wasemaji wa Kiswahili. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Vituo vya kazi hiyo vipo kwetu pia, kama WEEE Centre jijini Nairobi na kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera, Rwanda. Mahali ambapo kituo hakijafika, fundi anayekusanya simu mbovu ndiye wa kupelekewa. Betri iliyovimba hupelekwa mbali na simu nyingine, ndani ya chombo cha bati chenye mchanga mkavu, na haichanganywi kamwe na takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba.